Chemko la Mwisho la Kasimiri

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la kanda za muziki lililokufa siku nyingi, hapo Mafisa, mahali ambapo kila anayepita lazima asalimie, la sivyo atasemwa mpaka kwao. Ukutani bado kuna gitaa lililochorwa kwa rangi nyekundu, limebanduka shingo, na chini yake Mzee Abdulmajid huweka jiko lake la mkaa, birika la kahawa, sinia la kashata na ndoo ya kusuuzia vikombe. Ukitazama juu ya mabati unaiona milima ya Uluguru imekaa na mawingu yake, haina habari na mtu. Wanaokaa hapo kila baada ya alasiri wanaitana kwa majina ambayo mama zao hawakuwapa, na kazi yao kubwa ni muziki. Si kuupiga, maana hakuna hata mmoja anayejua kushika gitaa. Kazi yao ni kuukumbuka, kuupanga kwa ubora na kuugombania mpaka kahawa iishe. Jumapili ile waligombana kama kawaida, ila waliyekuwa wakimgombania alikuwa amezikwa Jumatano.

Maneno alichelewa makusudi. Ni fundi wa makochi, karakana yake iko mtaa wa pili tu, na kwa kawaida yeye ndiye hufika wa kwanza akachagua upande wa benchi usio na msumari. Siku ile alizunguka, akasimama kwa muuza mkaa akaulizia gunia asilolitaka, akafungua kamba za viatu akazifunga tena. Mwishowe miguu ikamleta, maana mtu akishazoea kijiwe hana pengine pa kuipeleka huzuni yake.

Jina lake la kijiweni ni Taulo, na lilikuwa jina la heshima. Muziki wa dansi una sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanakueleza shida zao kwa upole, halafu wananyamaza, ngoma zinakaza, na gitaa la solo linabaki mbele peke yake likiwachemsha watu. Hilo ndilo chemko. Kwenye redio chemko huisha kabla hujapata nafasi ya kuinuka. Kwa Kasimiri, mpiga solo wa bendi ya Lukwangule Sound, chemko halikuwa na mwisho unaojulikana, na mashabiki walimfuata kutoka tamasha hadi tamasha kwa sababu hiyohiyo: hakuwahi kuupiga wimbo mmoja mara mbili kwa namna moja. Chemko likikolea, watu hupanda jukwaani kumtunza mpigaji, wakambandika noti usoni. Maneno hakuwa na noti za kubandika watu, kwa hiyo siku moja alipanda na taulo dogo jeupe, akamfuta Kasimiri jasho la paji la uso, akamwambia sikioni neno moja: ongeza. Kasimiri akatikisa kichwa, akaongeza. Ikawa desturi. Kila tamasha, chemko likifika mahali fulani, watu walianza kumtafuta mwenye taulo kwa macho, na Kasimiri mwenyewe alikuwa akimsubiri.

Jumamosi ya wiki iliyopita, kwenye tamasha la kiangazi kule Bigwa, Maneno alipanda kama kawaida. Kasimiri akamwambia kitu. Spika zilikuwa zinanguruma, Maneno hakusikia, akamjibu kwa neno lake la siku zote, akashuka. Baadaye kidogo Kasimiri alianguka na hakuinuka tena. Hilo la kwamba alisema kitu Maneno hakumwambia mtu yeyote, hata Yasmin mkewe, na ndilo lililomsimamisha kwa muuza mkaa.

— Taulo huyo, akasema Waya. Sogeeni akae. Shahidi namba moja kafika.

Waya ni Mansuri, fundi wa redio na spika. Hakuna harusi ya Mafisa iliyopigwa muziki bila yeye kulamba nyaya kwanza ajue kama umeme umefika. Ndiye mdogo kuliko wote pale na ndiye mwenye simu kubwa.

— Shikamoo, Mzee Abdul.

— Marahaba. Kaa. Ya leo nimeweka tangawizi, kifua kifunguke.

— Chelewa chelewa yako hii sijaipenda, akasema Nyapara.

Nyapara ni Ezekiel, askari magereza mstaafu wa Kingolwira. Alikabidhi sare lakini sauti aliondoka nayo, na mpaka leo akikusalimia unahisi unahesabiwa.

— Nilikuwa na kochi la mtu, akasema Maneno.

— Jumapili? Haya. Tulikuwa tunaupanga wimbo wa "Mzigo wa Asubuhi", kila tamasha na namba yake. Waya anasema ule wa Kilosa ushuke namba mbili.

— Ushuke, ndiyo. Mimi mwenyewe niliutetea miaka yote, mnanijua, akasema Waya. Lakini baada ya Bigwa? Tuwe wakweli, washkaji. Bigwa ni kitu kingine.

— Kilosa alipiga nyuzi mbili zimekatika, akasema Nyapara.

— Ndiyo raha yake. Lakini Bigwa ni noma, mzee. Noma kabisa.

— Na Turiani mnauacha wapi? akauliza Abdulmajid, akimimina. Mvua imenyesha, turubai limejaa maji likawapasukia wapiga tarumbeta, wameloa chapa chapa, yule bwana hata hakugeuka kutazama. Kila mtu kakimbilia kwenye mabanda halafu tumerudi wenyewe, mmoja mmoja, kwenye matope, kwa ajili ya gitaa. Mimi na umri wangu nikarudi.

— Wewe ulirudi kwa sababu birika lako lilibaki uwanjani.

— Nililirudia birika, nikakaa kwa ajili ya gitaa.

Wakacheka, na Maneno akacheka nao kidogo. Aliyajua matamasha hayo yote. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia na barabara zikishakauka, alifunga karakana akaondoka na mashabiki wenzake nyuma ya lori la vyombo, wamekalia masanduku ya spika. Alijua vumbi la Kilosa na mbu wa Ifakara. Alijua harufu ya uwanja saa za mchana, nyama choma na jasho na majani yaliyokanyagwa, na bendi ndogo zinazotangulia zikipiga huku watu wakila tu na kuongea. Halafu Lukwangule wanapanda, Kasimiri anafunga gitaa lake bila haraka, amewapa watu mgongo, na uwanja mzima unasogea mbele bila kuambiwa. Kule Ifakara alitoka kwenye wimbo, akaenda kwenye wimbo mwingine, akakaa huko mpaka watu wakasahau walikotoka, kisha akawarudisha kwenye mlango uleule na waimbaji wakaingia na neno waliloliachia njiani. Maneno alilia siku ile, mtu mzima, amesimama katikati ya watu asiowajua. Furaha ya namna hiyo hakuwahi kuipata penginepo, na alikuwa akisema hivyo waziwazi, hata mbele ya Yasmin.

— Haya, Bigwa namba moja, akasema Nyapara. Nani anapinga? Hakuna. Taulo?

— Mimi sina neno.

— Huna neno na wewe ndiye uliyeifungulia ile sehemu? Jamani, kabla ya taulo ulikuwa muziki mzuri, nakubali, lakini wa kawaida yake. Baada ya taulo ndipo jamaa alipoondoka. Alikaa juu ya lile sanduku la spika, kichwa kaegemeza kwenye gitaa, anadondosha sauti moja, anasubiri, anadondosha nyingine. Nikasema leo huyu anatutesa. Halafu akaja kwa kasi ile. Mimi nimekaa na watu wa kila aina Kingolwira, sijatetemeka. Siku ile nilitetemeka.

— Na Shukuru mwimbaji naye, akasema Waya, kwa mbwembwe zake. Kasimiri kalala chini, yeye kashika maiki anaimba, "Kasi kalala, msimwamshe, anaota mlima." Uwanja ukapasuka.

— Tulidhani ni staili.

— Kila mtu alidhani ni staili. Mara ngapi alilala chini na gitaa tumboni?

Mkaa ukalia jikoni. Kunyamaza kwa kijiweni ni kitu kinachoogopwa kuliko mvua, na haukupita muda Waya akakirukia.

— Mimi nawaambia tena, ule ni umeme.

— Daktari kasema moyo.

— Daktari hajui jukwaa. Mimi nilipita pale asubuhi, nimeona kwa macho yangu. Jukwaa la vyuma, ardhi kavu imepasuka, waya wa ardhi wameufunga kwenye kigingi cha turubai. Kigingi cha mti. Sasa umeme ukitaka kushuka unashukia wapi? Unatafuta mtu. Ukamwona yeye.

— Mbona haukumwona mpiga besi? Walisimama bega kwa bega.

— Besi ina nyuzi nne. Solo ina sita. Piga hesabu mwenyewe.

Nyapara akaiangalia kahawa yake, kama anayetafuta humo namna ya kumjibu mtu huyu.

— Acha kamba, Mansuri. Umeme ungemrusha. Yule hakurushwa, alipungua. Alipungua polepole. Hiyo ni sumu.

— Sumu?

— Sumu ya vidole. Nyuzi zile zilikuwa mpya, ziling'aa mpaka nyuma nilikosimama. Nani alimpa nyuzi mpya siku ya tamasha? Kulikuwa na bendi ya kutoka Dar inasubiri kupanda baada yake. Wanajua hawawezi kupanda baada ya Kasimiri na watu wakabaki. Mtu anapaka kitu kwenye nyuzi, kidole kinakwaruzika, kitu kinaingia. Kadiri unavyopiga vizuri ndivyo unavyojiua.

— Sasa hao wa Dar wangepanda vipi na maiti iko jukwaani?

— Hawakufikiria mpaka mwisho. Wahalifu huwa hawafikirii mpaka mwisho, ndiyo maana gereza linajaa.

Maneno aliisikiliza yote hiyo mikono yake ikiwa mfukoni. Mfuko wa kulia ulikuwa na lile taulo. Yasmin alilitaka alifue tangu siku ya pili, akamwambia aliache. Miaka yote hiyo alikuwa amelijua jasho la yule mtu, jasho la moto la mtu anayefanya kazi, linaloloweka taulo mpaka ukalikamua. La Bigwa lilikuwa baridi. Jua la saa tisa, jukwaa limewaka, na paji la mtu lina ubaridi wa mtungi. Mkono wake uliujua ubaridi ule papo hapo, ukashtuka. Lakini uwanja ulikuwa unapiga kelele, ilikuwa zamu yake, na watu walikuwa wanasubiri neno lake. Akalisema.

— Nyie vijana mnazungukazunguka, akasema Abdulmajid. Vidole vile havikuwa vyake.

— Haya sasa, akasema Waya, akajiweka sawa.

— Mtoto wa mlimani, baba yake analima njegere, hakuna gitaa ukoo mzima. Alijifunzia wapi? Mimi niliambiwa na mtu wa Matombo, hana sababu ya kunidanganya. Kasimiri alipanda uwanda wa Lukwangule kule juu peke yake akiwa kijana. Kule hakuna mti, ni nyasi na ukungu. Alikaa. Aliporudi alirudi na vidole vile. Aliyempa alimwambia, piga upendavyo, furahisha watu, ila kuna mahali usipite. Miaka yote akafika hapo akageuka. Ndiyo maana ulikuwa ukimsikia anakaribia, anakaribia, halafu anarudi, roho inakuuma. Bigwa hakurudi. Alipita.

— Mahali gani hapo, mzee?

— Ungekuwa unajua muziki ungepasikia.

Hata Nyapara hiyo ilimkaa. Akameza kahawa, akatazama kule juu ambako mawingu yalikuwa yameanza kushuka, akaona si sawa aliyekuwa na sumu ya vidole ashindwe na muuza kahawa.

— Mimi kuna kitu sijawaambia, akasema, na sauti akaishusha. Nani kati yetu alikwenda kuzika?

Hakuna. Gari la bendi lilikuwa dogo, njia ya kwao Mgeta ni mbaya, na kila mtu alikuwa na kochi la mtu.

— Hakuna. Basi nani aliona uso? Mimi nauliza tu. Huko Ulaya wakati huu ni kiangazi, wana matamasha yao. Wanaweka mahema mashambani, wazungu wanalala humo wiki nzima, hawaogi, wanasikiliza wimbo mmoja tangu asubuhi mpaka jua lizame, na haujaisha. Ndio watu wa Kasimiri hasa. Mzungu alikuwepo Bigwa, mrefu, ana nywele za kufunga, mlimwona. Sasa mwenye bendi angemwachia aende? Hamwachii. Dawa yake nini? Unaanguka. Unabebwa. Mimi nilizungumza na dereva, akaniambia lile jeneza wakati wanalipandisha garini lilikuwa jepesi. Jepesi, halina mtu.

— Mzee Nyapara, akasema Waya taratibu, acha.

— Nauliza tu. Jepesi.

— Halikuwa jepesi.

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke, amesimama upande wa ndoo ya vikombe na tenga tupu la karoti mkononi. Amejifunga kitenge cha kazi, na kichwani kitambaa cheusi. Hawakujua amesimama hapo tangu lini.

— Tulilibeba kutoka barabarani mpaka juu, akasema. Gari halifiki kwetu. Wanaume walipokezana, na palipo na utelezi sisi wanawake tulisukuma kwa nyuma. Halikuwa jepesi hata kidogo. Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu, akasema Abdulmajid. Marahaba. Karibu.

— Mimi ni Bernadeta. Kasimiri ni kaka yangu, tumbo moja.

Nyapara akasimama, kitu ambacho kijiweni hakijawahi kuonekana, akampisha upande usio na msumari. Mzee Abdulmajid akasuuza kikombe mara mbili. Wakampa pole, mmoja mmoja, kwa sauti za watu waliokamatwa. Bernadeta akaketi, akaweka tenga miguuni, akakipokea kikombe lakini hakunywa.

— Nimeshuka na gari la mboga, linarudi jioni hii, akasema. Niliuliza wanakokaa watu wa Lukwangule, nikaambiwa wanamuziki wametawanyika, ila wanaompenda wako hapa. Mama kanituma.

— Sema, dada, akasema Waya. Lolote.

— Kijana mmoja kwetu alikuwa na video ya ile siku kwenye simu. Akanionyesha, ila spika ya simu yake imekufa, haitoi sauti. Mimi sikuwahi kumwona kaka akipiga, na mama pia. Alikuwa akija Krismasi, anakuja bila gitaa, analima na sisi, anaondoka. Sasa kwenye ile video kuna mtu anapanda kumfuta kwa taulo, na mdomo wa kaka unacheza. Anamwambia yule mtu kitu. Nikamwambia mama. Sijui kama nilikosea kumwambia, maana tangu hapo hali, hasemi lingine. Anauliza, alisema nini? Kila anayepita mlangoni anamuuliza, alisema nini? Nimemwahidi nitarudi nalo. Huyu mwenye taulo ni nani?

Kijiwe kile kimetoa majina ya watu tangu kilipokuwepo. Kimetaja wezi, kimetaja wazinzi, kimetaja mpaka watu wasiokuwa na hatia. Siku ile wanaume watatu waliitazama barabara kama vile kuna gari linakuja, na hakuna aliyemtazama Maneno.

— Kelele zilikuwa nyingi, dada, akasema Waya. Lakini ile video niliipiga mimi, na nimeiangalia mara nyingi sana. Ngoja.

Akatoa simu, akaitafuta, akaisimamisha pale penye taulo. Kwenye kioo Kasimiri alikuwa amefumba jicho moja kwa ajili ya jua, na mbele yake mgongo wa mtu wa shati la bluu.

— Tazama mdomo. Umefungwa, umefunguka. Hiyo ni "mama". Mimi naona kabisa ni "mama".

— Ni sala, akasema Nyapara kwa haraka. Alikuwa anasali. Mtu wa dini yake akifika pale husali, nimewaona wengi. "Maria" nayo inaanza na mdomo kufungwa.

— Au alikuwa anashukuru, akasema Abdulmajid. Alikuwa na adabu sana. Huenda alisema asante.

Bernadeta akawaangalia wote watatu, na katika kuwaangalia akafika kwa wa nne, ambaye hakuwa amesema kitu tangu afike. Akaliona shati. Lilikuwa lilelile la bluu. Maneno hana mengi.

— Ni wewe, kaka?

Maneno alijua kuwa neno lilikuwa limeshawekwa mezani, limemenywa, anangojewa yeye kulichukua tu. Mama. Nani angemsuta? Mama wa watu kule Mgeta angekula. Dada huyu angepanda gari la mboga na kitu cha kupeleka. Na yeye Maneno angekuwa ndiye aliyelisikia neno la mwisho la Kasimiri, mpaka anakufa wangemtaja hivyo. Akafungua mdomo alitoe. Mkono wake ulikuwa bado mfukoni, umelishika taulo, na ule ubaridi ulikuwa bado vidoleni.

— Ni mimi, akasema.

— Alikuambia nini?

— Sikusikia.

— Hata kidogo?

— Spika zilikuwa hapa na hapa. Niliona mdomo. Sikusikia, dada. Nimekaa wiki nzima najaribu kusikia.

— Ukamwambia arudie?

— Hapana.

— Lakini na wewe mdomo wako ulicheza. Kijana aliniambia, na huyo naye anamjibu. Ulimjibu nini, kama hukusikia?

Waya akasema:

— Dada, kunywa kahawa, inapoa.

— Nilimwambia aongeze, akasema Maneno. Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Nilikuwa namfuta, namwambia ongeza. Jasho lake lilikuwa baridi. Nilijua kuna kitu, na nikamwambia aongeze.

Alitoa taulo akaliweka juu ya magoti yake, maana hakujua aliweke wapi. Lilikuwa limekauka likakunjamana kama alivyolifumbata siku ile. Bernadeta alilitazama kwa muda. Hakulia wala hakumpandishia sauti, na Maneno alitamani afanye moja kati ya hayo mawili. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa kitu sokoni, akakikosa, na sasa anajaribu kuelewa walichompa badala yake.

— Na yeye, akauliza, akaongeza?

Swali lilikuwa dogo. Kila mtu pale alikuwa na jibu lake. Walikuwa wamelisema tangu alasiri, wamelipanga, wamelipa namba moja. Nyapara alikuwa amelielezea kwa mikono. Sasa Nyapara alikuwa anatazama viatu vyake. Abdulmajid alishika birika akainamisha juu ya kikombe cha Waya, likatoa machicha, akaendelea kuliinamisha hivyohivyo. Maneno akaanza kulikunja taulo upya.

Simu ya Waya ilikuwa bado kwenye benchi, imesimama pale penye taulo. Bernadeta akaweka kikombe chini, akanyoosha kidole chenye udongo wa bustani kwenye kucha, akaibonyeza.

Mwenye shati la bluu akashuka jukwaani. Kasimiri akarudi nyuma akakalia sanduku, akaegemeza kichwa kwenye gitaa, na likaja chemko. Lilitoka kwenye kile kispika kidogo likiwa jembamba, lakini lilikuwa lenyewe: sauti moja, kimya, sauti nyingine, halafu ile kasi. Bernadeta aliinama akasikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anamsikia kaka yake. Nyuma ya gitaa uwanja wa Bigwa ulikuwa unapiga kelele, na ukisikiliza vizuri uliweza kuwatenga watu. Kulikuwa na mluzi wa Nyapara, ule wa gerezani. Kulikuwa na Mzee Abdulmajid akimwita Kasimiri kwa jina. Na iliyokuwa karibu zaidi na simu kuliko zote ilikuwa sauti ya Waya mwenyewe, inacheka, inapaza, ina furaha mpaka inapasuka, inasema ongeza, ongeza, ongeza.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.